Robo Milimita ya Mkoko: Hesabu za Kukusanya Stereoskopu Ukiwa Gazi

Chukua mkoko wa mita 10 ulioota kando ya Mto Kidogoweni, kwenye Ghuba ya Gazi, pwani ya kusini ya Kenya. Ndege ya upimaji inapita juu yake kwa kimo cha mita 3,800, inapiga picha, inasonga mbele kilomita 2.3, inapiga ya pili. Ukiziweka picha hizo mezani na kuzilinganisha, kilele cha mkoko kimehama kuliko shina lake kwa milimita 0.24. Robo ya milimita, ndiyo habari yote ya urefu wa mti huo iliyobaki kwenye karatasi. Jicho tupu haliioni. Tazama picha hizo kwa stereoskopu, jicho la kushoto likiona ya kushoto na la kulia ya kulia, na mti unainuka mezani kana kwamba unaweza kuushika.

Biashara yote ya vifaa vya kale vya picha pacha inasimama juu ya tofauti ndogo kama hiyo: kamera zenye lenzi mbili, kadi za picha mbilimbili, visanduku vya kutazamia, stereoskopu za wapimaji. Wako watu duniani wanaovikusanya kwa miaka hamsini bila kuchoka, na anayetaka kuanza huuliza kwanza kifaa ni bei gani. Kwa mtu aliye Gazi, Msambweni au Diani, hilo ndilo swali jepesi kuliko yote. Kioo ni rahisi. Kinachogharimu ni safari ya kioo mpaka pwani, hewa ya pwani yenyewe, na zaidi ya vyote, picha za kuweka mbele ya kioo hicho.

Tuanze na mizani ya picha za angani, kwa sababu hapo ndipo Gazi ina haki ya kusema. Kwa miongo mingi kamera ya kawaida ya upimaji ilitoa picha ya sentimita 23 kwa 23. Kampuni ya Uswisi ya Wild Heerbrugg ilitengeneza kamera zilizosifika sana, zenye lenzi ya Aviogon iliyobuniwa na Ludwig Bertele, na urefu wa fokasi uliozoeleka ulikuwa milimita 152. Kwa kipimo cha 1:25,000, zidisha 152 kwa 25,000: unapata mita 3,800, kimo cha ndege. Zidisha sentimita 23 kwa 25,000: kila picha inafunika kilomita 5.75 kila upande. Picha mbili zinazofuatana hupishana kwa asilimia 60, na sehemu ile inayoonekana katika picha zote mbili ndiyo pekee inayoonyesha kina. Kwa hesabu hiyo, jozi moja inatoa kilomita za mraba karibu 20 za kutazamwa kwa kina.

Mikoko ya Ghuba ya Gazi ni hekta 615 hivi, yaani kilomita za mraba 6.15. Ndege ikipita mahali panapofaa, jozi moja tu ya karatasi inaweza kukuonyesha mikoko ya ghuba nzima. Ukitaka uone zaidi, mathalani kwa kipimo cha 1:10,000, yule mkoko wa mita 10 utahama kwa milimita 0.6 badala ya 0.24, lakini eneo la jozi litashuka hadi kilomita za mraba 3.2. Ukiondoa kingo zinazopishana na mistari ya jirani ya ndege, kila jozi inakuachia kilomita za mraba 1.5 tu, ambapo ile ya 1:25,000 inakuachia zaidi ya 9. Kuona mara mbili na nusu zaidi kunadai picha mara sita. Mpimaji yeyote aliyewahi kupanga bajeti ya ndege anaijua hesabu hii kwa uchungu.

Vipi kuhusu usahihi? Kifaa kinachoambatana na stereoskopu ya mpimaji ni fimbo ya kupimia yenye nukta mbili juu ya vioo, inayosomeka hadi milimita 0.01. Mkono wa mtu na ubora wa karatasi havifiki huko. Ukisema unakosea kwa milimita 0.05, kwa picha zetu za 1:25,000 hiyo ni mita 2 za mti. Kwa hiyo mkoko wa mita 10 utauandika mita 8 hadi 12. Kwa mnunuzi wa boriti, hiyo si hesabu. Kwa mtafiti anayetaka kutenganisha mikoko mirefu ya ukingo wa bahari na mikandaa mifupi ya nyuma, inatosha kabisa. Tena macho yanasaidiwa na jambo ambalo wengi huona kwanza na kulielewa baadaye: ndege imesonga kilomita 2.3 kati ya picha na picha, masafa makubwa kuliko nafasi ya macho yetu, basi urefu wa vitu unaonekana umezidishwa mara nne hivi. Minazi ya Gazi inasimama kama milingoti.

Thamani ya jozi hizo iko kwenye historia ya msitu wenyewe. Miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa kwa wingi ikawa kuni za viwanda vya chokaa na matofali, na sehemu nyingine zikabaki tope tupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, ikaanza kupanda upya. Mwaka 2013 ukaja mradi wa Mikoko Pamoja wa vijiji vya Gazi na Makongeni, hekta 117, unaouza karibu tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka, na mwaka 2017 ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Siku hizi anayepima msitu ule huingia matopeni na utepe, akazungushia shina kwa shina. Lakini hakuna utepe unaoweza kurudi nyuma kabla ya shoka. Picha ya angani ya zamani inaweza, na watafiti wa mikoko ya Gazi wamezitumia picha za aina hiyo kufuatilia msitu ulivyobadilika.

Picha zenyewe zilizaliwa na mashine kubwa ya dola. Mwaka 1946 Uingereza iliunda idara ya kupima makoloni yake chini ya Martin Hotine, na kati ya 1946 na 1952 Kikosi cha 82 cha jeshi la anga la Uingereza kilipita juu ya Afrika Magharibi na Afrika Mashariki kwa ndege za Lancaster, aina iliyokuwa imebeba mabomu miaka michache kabla, kikapiga picha za zaidi ya maili za mraba milioni moja. Ramani za 1:50,000 ambazo bado zinauzwa na Idara ya Upimaji ya Kenya kule Ruaraka zilichorwa kutokana na jozi za picha, mtu akiwa ameinamia vioo. Sehemu kubwa ya hazina ya idara ile ya kikoloni iko Edinburgh leo, picha zaidi ya milioni moja.

Sasa turudi kwa vifaa, na kwa nini ni rahisi.

Charles Wheatstone aliieleza stereoskopu mbele ya wanasayansi wa London mwaka 1838, ikiwa na vioo viwili vya kujitazama. David Brewster akaifanya ndogo, yenye lenzi, mwaka 1849, na baada ya Malkia Victoria kuiona kwenye Maonyesho Makuu ya 1851 ikawa homa ya Ulaya. Lakini aliyeshusha bei alikuwa Oliver Wendell Holmes, daktari na mwandishi wa Boston, aliyebuni mwaka 1861 kifaa cha mkononi chenye kofia ya kuzuia mwanga, kijiti cha kusogeza kadi, na mpini chini. Hakukisajili. Yeyote mwenye msumeno aliweza kukitengeneza bila kumlipa mtu senti, na watu walikitengeneza. Kufikia mwaka 1901 kampuni ya Underwood & Underwood, iliyoanzishwa na ndugu wawili wa Kansas mwanzoni mwa miaka ya 1880, ilikuwa ikitoa kadi 25,000 kwa siku na stereoskopu 300,000 kwa mwaka. Kampuni moja tu hiyo. Washindani wao Keystone, wa Meadville, Pennsylvania, walianza 1892 na wakaendelea hadi miaka ya 1960.

Kitu kilichotengenezwa kwa mamilioni, cha mbao na bati na lenzi mbili nene, hakifi haraka. Ndiyo maana stereoskopu ya Holmes yenye umri wa miaka 120 huuzwa kwenye minada ya mtandaoni kwa dola 50 hadi 150, mara nyingine chini ya hapo ikiwa kofia imelika. Kuukuu si lazima kuwe adimu, na mkusanyaji mgeni hujifunza hilo kwa mfuko wake akikubali bei ya muuzaji aliyeandika neno antiki kwa herufi kubwa.

Ngazi zinazofuata zinapanda kwa haraka. Jules Richard wa Paris alitoa Verascope mwaka 1893, kamera ndogo ya shaba inayotumia vioo vya milimita 45 kwa 107, na baadaye Taxiphote, kabati la kutazamia linalobadilisha picha 25 kwa kuvuta wenzo. Kabati hilo zima lina uzito wa kiti, na hesabu ya usafiri wake iwe ya mwenye moyo mgumu. Wajerumani wa Franke & Heidecke walitengeneza Heidoscop na Rolleidoscop miaka ya 1920. Mwaka 1939 ikaja View-Master, gurudumu la karatasi lenye picha 14, jozi 7, na mpaka leo ni rahisi kuliko chakula cha mchana Diani. Mwaka 1947 David White wa Milwaukee akaleta Stereo Realist, kamera ya filamu ya kawaida ya milimita 35, yenye lenzi mbili zilizoachana milimita 70. Leitz, Zeiss na Nikon nao walitoa lenzi pacha za kufunga kwenye kamera zao katika miaka ya 1950, na hapo bei inaacha kuongea na watu wa kawaida. Kifuniko cha lenzi pekee kinaweza kuuzwa ghali kuliko stereoskopu nzima ya Holmes. Wanaovinunua ni wakusanyaji wa alama za kiwanda. Waachiwe soko lao.

Turudi Gazi tuhesabu mzigo ukifika. Tuseme umepata Holmes kwa dola 60 na muuzaji anataka 40 za posta. Jumla 100, kwa dola moja shilingi 130, ni 13,000. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki una ngazi za asilimia 0, 10, 25 na 35, na bidhaa yako itaangukia moja kulingana na jina itakalopewa. Tuchukue 25: shilingi 3,250. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16 ya bei iliyokwisha ongezwa ushuru: 2,600. Ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5: shilingi 325. Tozo ya reli, asilimia 2: shilingi 260. Umefika 19,435, kabla hujavuka kivuko cha Likoni. Kifaa cha shilingi 7,800 kimekuwa mara mbili na nusu, na hakuna aliyekudanganya wala kukuibia. Ni posta ya kuleta mbao kutoka ng'ambo na serikali yenye sheria zake. Vitu vya kale vilivyopita miaka 100 vina fungu lao katika orodha ya forodha ya dunia, namba 97.06, kwa hiyo karatasi ya muuzaji inayotaja mwaka wa kutengenezwa ina kazi kuliko sifa zake zote. Omba iandikwe.

Kadi zina hesabu mbaya zaidi. Kadi ya kawaida ni milimita 89 kwa 178, nene, gramu 14 hivi. Mia moja ni kilo 1.4. Ukizipata za kawaida kwa dola 3 moja na posta ya dola 50 kwa boksi, baada ya kodi zile zile utakuwa umelipa shilingi 68,000, yaani 680 kwa kadi. Na kadi za dola 3 ni maporomoko ya Niagara, majumba ya Roma, na vichekesho vya mume aliyechelewa kurudi nyumbani. Pwani yetu haimo.

Hapo ndipo ugumu wenyewe. Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa tarehe 21 Aprili 1909 kwenda kuwinda, Underwood walitoa kadi za safari ile, na kadi za Mombasa na za Reli ya Uganda huonekana sokoni kwa sababu wapigapicha walifuata njia ya watalii na reli. Zinagombewa na watu watatu wenye tamaa tofauti: anayekusanya Roosevelt, anayekusanya treni, na anayekusanya Afrika. Bei inapanda kwa hilo kabla hata mtu wa Pwani hajaingia mnadani. Kusini mwa Likoni reli haikufika. Gazi, makao ya Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Wamazrui mpaka vita vya 1895 vilipomkimbiza hadi upande wa Wajerumani, haikuwa kwenye ratiba ya mtalii.

Lakini picha si lazima uimiliki ili uione. Hazina ya Keystone, negativu na picha karibu 350,000 zikiwemo nyingi walizonunua kwa Underwood, ziko Chuo Kikuu cha California kule Riverside, na Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka maelfu ya kadi za kale mtandaoni bila malipo, kwa ukubwa unaotosha kuchapishwa. Na hapa kuna bahati ya vipimo ambayo sikuitegemea: karatasi ya picha ya inchi 5 kwa 7, ile inayochapishwa na studio yoyote ya Ukunda, ina upana wa milimita 178. Upana wa kadi ya Holmes sawasawa. Chapisha, kata juu na chini ibaki milimita 89, gundisha kwenye kadibodi. Tuseme shilingi 100 kwa kadi, kazi na gundi ndani. Kwa bei ya kadi moja ya Niagara iliyokuja na meli, unapata kadi sita na chenji.

Mkusanyaji wa asili atanuna. Anataka karatasi ile ile iliyoguswa mwaka 1909, na ana haki. Si kila mtu anakusanya ili aone. Mimi nahesabu kwa mtu anayetaka kuona.

Gharama ya pili haimo kwenye risiti yoyote: unyevu. Kuvu huanza kukua kwenye lenzi hewa inapokaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 70, na Pwani hiyo ni hali ya kawaida ya mwaka, sembuse masika. Kuvu hula utando wa lenzi na kuacha michirizi isiyofutika. Gundi iliyounganisha lenzi za zamani nayo hubadilika rangi. Tiba inayouzwa ni kabati la umeme la kukausha. Likitumia wati 5 usiku na mchana, ni uniti 44 kwa mwaka. Kwa shilingi 28 uniti moja, ni shilingi 1,230. Umeme si tatizo. Kabati lenyewe ndilo linaloingia nchini kwa hesabu ile ile ya forodha, likiwa zito kuliko kifaa linachokilinda, na umeme ukikatika siku tatu linakuwa kabati tu.

Ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana inafanya kazi ile ile. Lita 20 za hewa ya nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 zina maji nusu gramu tu. Kuishusha hewa hiyo hadi asilimia 45 ni kuondoa gramu 0.2. Nusu kilo ya silika jeli, ikiwa na uwezo wa kunywa gramu 100 bila kulemewa, ingetosha kufungua ndoo mara 400 na zaidi. Hesabu nzuri, na inadanganya, maana maji hayapo hewani. Yapo kwenye karatasi. Kadi zilizolala kwenye hewa ya Gazi zimebeba maji kama asilimia 10 ya uzito wake. Zikikauka hadi hali ya asilimia 45 zinabaki na 6. Kilo 1.4 za kadi zitatoa gramu 56, zaidi ya nusu ya uwezo wa silika, katika siku za mwanzo. Kwa hiyo silika ya kwanza inalemewa upesi na mtu anadhani ameuziwa mchanga. Ikaushe kwenye sufuria kwa moto mdogo, irudishe, na safari ya pili itakaa miezi. Nunua ile ya chungwa. Ya buluu ina kobalti, na sufuria ni ya nyumba. Kadi na lenzi zikae ndoo tofauti.

Unyevu ndio unaonifanya niseme jambo ambalo wauza kamera hawatalipenda: kwa Pwani, kifaa cha mwaka 1905 kinafaa kuliko cha mwaka 1955. Lenzi za Holmes ni vipande viwili vya kioo kitupu, havina utando, havina gundi, vinatoka kwa kuvuta vipande vya mbao. Kuvu ikiota unafuta kwa kitambaa na sabuni. Lenzi ya Realist ina vioo kadhaa ndani ya pete za shaba, na fundi wa kuifungua unamtafuta Nairobi. Halafu filamu: roli la picha 36 linatoa jozi 28 au 29 kwenye kamera ile. Kodachrome, filamu iliyoipa jina, iliacha kutengenezwa mwaka 2009, na maabara ya mwisho ya kuisafisha, kule Kansas, ikaacha kupokea roli mwishoni mwa 2010. Tuseme filamu ya slaidi ya sasa na kusafisha ni dola 40 pamoja: jozi moja ni shilingi 186, bila posta ya kwenda na kurudi maabara.

Kuna sababu moja ya kweli ya kutaka kamera yenye lenzi mbili, nayo ni bahari. Kwa mti au nyumba, simu moja inatosha: piga ukiegemea mguu wa kushoto, hamia wa kulia, piga tena. Kanuni ya wazee wa fani ni kuhama sehemu moja ya thelathini ya umbali wa kitu cha karibu. Sentimita 6.5 za macho yetu zinafaa kwa kitu cha mita 2, kama mizizi ya mkoko ukiwa kwenye daraja la mbao la akina mama wa Gazi, lililojengwa mwaka 2006 ndani ya mikoko. Kwa mlilana ulio mita 300 ng'ambo ya maji unahitaji kuhama mita 10, hatua kumi na tatu hivi, na daraja linakuruhusu. Lakini ngalawa inayokwenda mita 2 kwa sekunde haikungoji. Kati ya picha na picha imesogea urefu wa mtu, na macho yako yataiona inaelea juu ya maji au imezama ndani yake. Mawimbi vilevile, kaa vilevile. Simu mbili zinazofanana kwenye ubao mmoja zikibonyezwa pamoja hupunguza kosa, na hazihitaji forodha.

Kwa anayetaka kununua kitu kimoja tu kutoka ng'ambo, ushauri wangu ni mwepesi kwa maana halisi ya uzito. Brian May, mpiga gitaa wa Queen, mkusanyaji wa picha pacha tangu utotoni, aliifufua kampuni ya kale ya London Stereoscopic na kubuni kitazamio cha plastiki kinachokunjwa bapa, kiitwacho Owl. Ukinunua kitabu chake cha mwaka 2017, Queen in 3-D, kitazamio kimo, na ndani yake Freddie Mercury, mtoto wa Mji Mkongwe aliyezaliwa 1946, amesimama kwa kina kamili. Sidhani kuna jozi nyingine za mtu wa Unguja zinazopatikana kwa bei hiyo. Na kwa picha za angani, stereoskopu ya mfukoni yenye miguu ya waya hukunjwa ndani ya bahasha, dola 20 hivi. Ile kubwa ya vioo vya kujitazama ya wapimaji, kilo kadhaa za chuma, ni dola mia na kitu hadi mia nne, na posta inaweza kuizidi.

Ila kifaa kinachonivutia zaidi kwa Gazi hakijatengenezwa bado. Holmes hakusajili umbo lake, na seremala wa Msambweni ana kila kitu isipokuwa lenzi. Lenzi moja ya plastiki ya kusomea, kipenyo cha milimita 80 na fokasi ya sentimita 20, inakatwa katikati kwa msumeno wa chuma, nusu mbili zikageuzwa: upande mnene uelekee masikioni, mwembamba puani. Namna hiyo kila nusu inapinda mwanga kwa nje, na macho yaliyoachana milimita 64 yanaziona bila kukaza picha zilizoachana 80. Tuseme lenzi 600, mbao na kazi 2,900: shilingi 3,500. Kadi 24 za mikoko, maji yakiwa yamejaa na yakiwa yametoka, shilingi 2,400. Ndoo na silika 1,500. Jumla 7,400, chini ya nusu ya Holmes moja iliyopita forodha, na kikundi kinachomtoza mgeni shilingi 20 kwa kutazama kitarudisha fedha kwa mgeni wa 370.

Kipimo kimoja cha kumsisitizia seremala: ubao wa kadi usogee kutoka sentimita 15 hadi 22 mbele ya lenzi, asiupigilie misumari mahali pamoja, kwa sababu mgeni mwenye miwani na mtoto wa darasa la pili hawataona vizuri mahali pamoja.